Kikosi kikizorota, mkague kamanda kabla ya askari

Kikosi kinachozorota hujitangaza kwenye makaratasi kabla ya uwanjani. Foleni ya wagonjwa inarefuka asubuhi, watoro wanaongezeka, maombi ya uhamisho yanalundikana. Kamanda wa mkono wa chuma huona utovu wa nidhamu, akaongeza kwata na mahabusu. Kamanda mpole huona uchovu, akalegeza kamba. Kwa maoni yangu wote wawili wamekosea mahali pamoja: hawajauliza dalili hizo zinatoka wapi.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Jenerali William Slim, aliyekabidhiwa Jeshi la 14 la Uingereza mwaka 1943 kwa vita vya Burma (Myanmar ya leo) dhidi ya Wajapani. Unatuhusu, maana Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana chini yake, na vijana wa Tanganyika walikuwamo. Mwaka huo, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi, malaria ikiwa adui mkubwa. Dawa ilikuwapo, kidonge cha mepakrini. Lakini kilikuwa kichungu, kiligeuza ngozi kuwa ya manjano, na uvumi ulienea kwamba kinamaliza nguvu za kiume. Wengi wakakikwepa.

Slim hakuanza na askari. Alifanya ukaguzi wa ghafla, kikosi kizima kikapimwa mtu kwa mtu kama dawa imo mwilini. Matokeo yakiwa chini ya asilimia 95, kamanda alivuliwa madaraka. Waling'oka watatu tu, waliobaki wakaelewa. Siri iko kwenye mnyororo wa amri: kamanda akijua kiti chake kinatikisika, humbana kapteni, kapteni humbana luteni, na mwishowe sajini anasimama mbele ya askari, anampa kidonge na maji, anamtazama koo mpaka ameze, ndipo anamwita anayefuata.

Tena, vikosi vya mbele vikipata nusu mgao wa chakula, makao makuu ya Slim nayo yalikula nusu. Hilo halikuwa la kujionyesha. Ofisa wa ugavi aliyelala na njaa huharakisha malori.

Jeshi la Ufaransa mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lilipitia njia zote mbili ndani ya miezi michache: ya kusukuma askari, kisha ya kutafuta chanzo. Kamanda wake, Jenerali Nivelle, aliahidi kuvunja ngome za Wajerumani ndani ya saa 48. Mashambulizi ya Aprili yakakwama, akaendelea kusukuma watu, na divisheni nyingi zikagoma: tutalinda mahandaki, hatushambulii tena. Jenerali Pétain alipochukua nafasi yake mwezi Mei hakuacha mahakama za kijeshi. Mamia walihukumiwa kifo, ingawa wengi mno walipunguziwa adhabu. Ila alirudisha likizo ya siku 7 kila miezi 4, akatengeneza chakula na mapumziko, akaacha mashambulizi makubwa. Oktoba jeshi lilelile lilishinda pigano la La Malmaison, kwa lengo dogo na mizinga mingi.

Hapa kwetu, maasi ya tarehe 20 Januari 1964 yalianzia kambi ya Colito, Lugalo ya leo. Askari walidai mishahara, na maofisa Waingereza waondoke, miaka miwili tangu uhuru. Madai ya namna hiyo hayamalizwi kwa kwata.

Kwa anayepokea kikosi kilicholegea, ningeanzia jikoni: fika saa ambayo hukutarajiwa, kula kutoka sufuria ya askari. Kisha bandika orodha ya likizo yenye majina na tarehe, na usiiguse. Baada ya hapo chagua jambo moja linaloumiza kikosi kuliko mengine, weka kiwango cha namba, taja ofisa atakayewajibika. Wengi huharibu kwa kuchagua mambo kumi kwa mpigo, au kwa kuamini daftari. Saini haioneshi kama kidonge kimemezwa. Pima chenyewe, na usitangaze siku, maana ukaguzi uliotangazwa hukuta bunduki zimepakwa mafuta usiku wa kuamkia.