Mafungo ya taamuli katika kuacha ulevi na dawa za kulevya: maana yake na mipaka yake

Aliyewahi kuishi karibu na mraibu analijua neno arosto. Ni yale mateso yanayomvaa mtu dawa inapokatika mwilini: mifupa kuuma, kamasi, kuhara, jasho la baridi, usiku mzima bila usingizi. Uchu nao unajulikana, ila watu wengi huuchanganya na arosto kana kwamba ni kitu kimoja. Arosto ni ya mwili na ina siku ya kuisha. Uchu hukaa kichwani, na unaweza kurudi miaka mitatu baadaye kwa sababu tu mtu amepita kichochoro alichozoea kununulia. Ukishaishika tofauti hiyo, mafungo ya taamuli yanaeleweka kirahisi: ni mafunzo ya kukaa na uchu. Arosto haimo katika kazi yake, na wanaoipeleka huko ndio wanaoumia.

Mafungo ni kujitenga kwa siku zilizohesabiwa ili kutulia, kuomba au kutafakari chini ya kiongozi. Wakristo wana mafungo ya kiroho, Waislamu wana itikafu katika siku 10 za mwisho za Ramadhani, Wabudha wana kozi za ukimya. Taamuli, ambayo wengi huiita meditesheni, ni kazi inayofanyika humo ndani: kuweka mawazo mahali pamoja, mara nyingi kwenye pumzi, na kuyarudisha kila yanapotoroka. Unaweza kutaamali nyumbani bila mafungo yoyote. Vilevile yapo mafungo yasiyo na taamuli hata dakika moja, ni mahubiri tangu asubuhi hadi usiku. Kwa hiyo tangazo likisema "mafungo ya kuacha ulevi", bado hujaambiwa kitu. Omba ratiba ya siku nzima, saa kwa saa.

Neno "mbadala" nalo lina mtego. Njia hii huitwa mbadala kwa kuwa msingi wake si dawa wala kliniki. Wengine wakilisikia huelewa "badala ya hospitali", na hapo mambo huharibika. Wazo lenyewe la kuweka roho katika upataji nafuu si geni: chama cha Alcoholics Anonymous kilianza Marekani mwaka 1935, na hatua ya 11 kati ya zile 12 zake inataja sala na taamuli waziwazi.

Kwanza arosto iishe

Kwa mtu wa heroini, arosto huanza kati ya saa 8 na 24 tangu alipotumia mara ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, kisha hutulia ndani ya wiki moja au siku 10. Inatesa sana, lakini kwa mtu mwenye afya ya wastani ni nadra kuua yenyewe, isipokuwa pale kutapika na kuhara kunapomkausha maji. Pombe ni habari nyingine. Mikono huanza kutetemeka kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho, kifafa kinaweza kupiga ndani ya saa 48 za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona visivyokuwepo, joto na mapigo ya moyo hupanda. Hali hiyo huua. Vidonge vya usingizi na vya wasiwasi vya jamii ya diazepamu vikikatwa ghafla baada ya miezi ya matumizi navyo huleta kifafa, pengine siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshapumua akidhani hatari imepita.

Hakuna pumzi ya kuzuia kifafa. Mnywaji wa kila siku hupunguziwa makali kwa dawa chini ya uangalizi, na hupewa vitamini B1 ili ubongo wake usidhurike. Hiyo ni kazi ya watu wa afya. Akishamaliza, akalala usingizi wa maana angalau siku chache na kula bila kutapika, ndipo neno mafungo lianze kutajwa. Tungependa apate wiki tatu au nne kwanza. Mtu ambaye mwili bado unamtetemeka hawezi kuketi, na akishindwa kuketi atajiona ameshindwa kuacha.

Kupanda wimbi

Uchu haupandi bila kikomo. Usipolishwa, mara nyingi hufika kilele na kushuka ndani ya nusu saa hivi. Mraibu halijui hilo kwa sababu hajawahi kuungoja: kila mara ameuzima ukiwa bado unapanda, kwa hiyo akilini mwake umebaki kitu kisicho na mwisho. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani, aliufananisha na wimbi la bahari na kufundisha watu kulipanda badala ya kupigana nalo. Hadi leo zoezi hilo ndilo kiini cha programu nyingi za taamuli kwa waraibu.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Mtu ameketi kwenye kiti, mgongo wima, nyayo zimegusa sakafu, macho yameinama. Uchu unakuja. Hasemi "nataka" wala "sitaki", anautafuta mwilini. Uko wapi hasa? Pengine ni mate yanayojaa mdomoni, taya zilizobana, joto linalopanda kifuani, vidole vinavyochezacheza kama vinatafuta sigara. Anachagua mahali pamoja, tuseme taya, na kuhamia hapo. Ukubwa wake ukoje, wa ngumi au wa kokwa? Unabana au unachoma? Umesogea? Anavuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6. Kichwa kitamletea hoja tamu, "mara hii tu, Jumatatu unaacha", naye anaitambua tu kwamba hoja imekuja, kisha anarudi kwenye taya. Habishani nayo, maana kubishana na uchu ni kuukaribisha kiti. Dakika ya tano mara nyingi ni ngumu kuliko ya kwanza, na hapo ndipo wengi huinuka wakiamini zoezi limegoma, kumbe walikuwa karibu na kilele.

Kosa kubwa hapa ni kuigeuza pumzi kuwa nyundo. Anayepumua ili uchu uondoke hukagua kila sekunde kama umeondoka, na ukaguzi huo ndio unaoulisha. Kosa la pili ni kuanza mazoezi siku uchu ulipofikia kooni. Aliyekuwa akiketi dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni kwa wiki mbili, siku za kawaida tu, ana kitu cha kushika siku mbaya. Asiyeketi kabisa atashika chupa.

Siku ndani ya mafungo

Ratiba zinatofautiana mno. Ngumu kuliko nyingi ni ile ya kozi za vipasana, aina ya taamuli ya Kibudha, katika mkondo wa mwalimu S. N. Goenka, zinazofanyika nchi nyingi duniani: siku 10, kengele saa 10 alfajiri, taa kuzimwa saa 3 na nusu usiku, na katikati yake takriban saa 10 za kuketi. Hakuna simu, kitabu wala kalamu, na washiriki hawasemezani hadi siku ya kumi. Siku tatu za kwanza ni pumzi tu puani. Siku ya nne ndipo wanafundishwa kupitisha usikivu mwilini kutoka utosini hadi vidole vya miguu. Hazina ada, anayemaliza huchangia akipenda. Ni kozi nzuri kwa mtu aliyekomaa katika upataji nafuu. Kama mlango wa kwanza wa kuacha, hatuishauri kabisa.

Nyepesi zaidi, na kwa maoni yetu yenye akili zaidi kwa mraibu, ni programu ya wiki 8 iliyobuniwa na Marlatt na wenzake, wakichota kwenye ile ya kupunguza msongo iliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979. Kikundi hukutana mara moja kwa wiki kwa saa 2 hivi, kila mtu hupewa mazoezi ya nyumbani, na juma linalofuata hueleza alikwama wapi. Haina mvuto wa mlimani wala picha za machweo, lakini mtu hujifunza akiwa bado anapita mitaa yake ileile.

Huo hasa ndio udhaifu wa mafungo. Yanasaidia kwa kuondoa vichochezi: hakuna pesa mfukoni, muuzaji, mshahara wala ugomvi wa nyumbani, na usingizi una saa yake. Utulivu unaopatikana humo ni wa kweli, ila sehemu yake kubwa ni ya mahali, si ya mtu. Anayefikiri ni wake ataupoteza kituo cha basi.

Utafiti unasema nini? Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya wafungwa wa gereza moja la ulinzi mdogo huko Seattle waliofanya vipasana ya siku 10. Miezi mitatu baada ya kutoka walikuwa wakitumia pombe, bangi na kokeini kidogo kuliko wenzao wasioshiriki. Tatizo ni kwamba walijichagua wenyewe, na anayejitolea kunyamaza siku 10 huenda tayari alikuwa na nia kali kuliko mwenzake. Jaribio la mwaka 2014, lililochapishwa katika jarida la JAMA Psychiatry, lilikuwa na msingi imara zaidi. Watu 286 waliokuwa wamemaliza matibabu ya awali walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, na baada ya miezi 12 kundi la taamuli lilikuwa na siku chache zaidi za kutumia. Zingatia maneno "waliokuwa wamemaliza matibabu ya awali": walishapita arosto. Halafu uhakiki wa mwaka 2021 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 40, ulikuta ushahidi kwa jumla bado haujatulia. Anayekuahidi kupona kwa asilimia yoyote anauza.

Yanayoharibika

La kwanza ni kuachishwa dawa. Baadhi ya viongozi huziona methadoni na buprenofini, dawa ambazo kliniki humpa mraibu wa heroini ili asirudi kwenye heroini, kuwa ni kubadilisha kilevi kwa kilevi, wakamtaka mgeni aziache getini. Dawa hizo hupunguza vifo. Mafungo yasiyozikubali hayamfai anayezitumia, hata yawe matakatifu namna gani. Ni vivyo hivyo kwa dawa za kifafa, moyo na magonjwa ya akili. Ulizeni mapema, na kwa maandishi: nani hushika dawa, nani hutoa dozi, na usiku akizidiwa anapelekwa wapi na kwa gari gani.

La pili ni ukimya wenyewe. Watu wengi walikuwa wakilewa ili wasikumbuke. Mtu aliyedhulumiwa utotoni, au aliyetoka vitani, akifumba macho saa 10 kwa siku bila wa kumsemesha, anaweza kuvamiwa na yale aliyoyakimbia. Dawa yake ni ndogo: afungue macho, atembee, ashike kitu cha baridi, apewe mtu wa kuzungumza naye siku hiyohiyo. Kiongozi anayejibu "endelea tu kuketi" hajui kazi. Na aliyewahi kuugua wazimu au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi (baipola) asiingie mafungo ya ukimya na usingizi mfupi bila daktari wake kujua, kwani kukosa usingizi pekee kunaweza kumwamshia ugonjwa.

Kuna na dogo linalochekesha. Mafungo mengi hupiga marufuku sigara, na baadhi hata kahawa. Uchu wa nikotini hukolea siku ya pili na ya tatu. Kichwa cha kukosa kahawa kinagonga ndani ya siku moja au mbili. Siku hiyo ya pili ukumbi mzima una hasira, na wengine huambiwa ni "mambo mazito ya roho yanatoka". Pengine. Lakini punguzeni kahawa wiki moja kabla, na mvutaji aulize kama anaruhusiwa kibandiko cha nikotini.

Yapo pia mafungo ya kunywa mimea. Hayo ni kitu kingine hata kama tangazo linatumia maneno yaleyale. Ibogaini, inayotokana na mzizi wa iboga, huvuruga mapigo ya moyo na imeua watu. Ayahuaska, kinywaji cha mimea ya Amerika Kusini kinacholeta njozi, ikichanganyika na dawa za sonona inaweza kuleta sumu mwilini.

Siku ya kutoka getini

Hatari kubwa kuliko zote huja wakati mtu anaonekana mzima kuliko wakati wowote. Baada ya wiki kadhaa bila heroini, mwili umesahau kuihimili. Akiteleza na kuchukua kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kusimama. Familia iambiwe hivyo bila kuzungushwa, na pale naloksoni, dawa ya dharura ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, inapopatikana iwepo nyumbani, mahali panapojulikana, na watu wawili wajue kuitumia.

Kurudi kupangwe kabla ya kwenda. Nani atampokea, atalala wapi usiku wa kwanza, kikundi gani atahudhuria ndani ya saa 48, saa ngapi ataketi kila siku. Dakika 10 kwa saa ileile zinatosha. Anayejiwekea saa nzima kwa jazba ya mafungo huacha ndani ya wiki. Na namba ya muuzaji ifutwe kwenye simu siku ya kuingia, kabla simu haijakabidhiwa, kwa sababu siku ya kutoka jambo la kwanza atakaloshika ni hiyo simu.