Maneno Yanapompotea Mtu: Maswali na Majibu Kuhusu Uvimbe wa Ubongo

Uvimbe wa ubongo ni nini?
Ni seli zinazoota na kuongezeka bila mpangilio ndani ya fuvu. Si kila uvimbe ni saratani, lakini hata usio saratani hudhuru, kwa kuwa fuvu halitanuki na kinachobanwa ni ubongo.

Unaathirije fikira, lugha na kumbukumbu?
Hutegemea ulipoota. Ukiwa mbele, mtu mpole huanza kutukana, au hukaa kutwa asijishughulishe na lolote. Ukiwa ubavuni, huenda akakumbuka harusi yake vizuri, kisha akauliza mara tatu kama amekula. Lugha, kwa watu walio wengi, hutawaliwa na upande wa kushoto. Mama mmoja muuza mboga aliyeletwa kliniki yetu hapa Nairobi nilimwonyesha ufunguo; aliutazama, akazungusha mkono kama anayefungua mlango, akasema, "Kile cha... cha mlango." Kitu alikijua, jina ndilo lililokataa kuja.

Je, si mapepo au kurogwa?
Hapana. Mama huyo alizungushwa kwa waganga na kwenye mikesha kwa miezi minne, huku akikosea chenji na wateja wakimgombeza. Maombi hatuyakatazi, ila yafanyike mgonjwa akiwa tayari amefikishwa hospitalini.

Basi ni uzee?
Hapana, nasema tena. Uzee haumnyang'anyi mtu maneno katika wiki chache, wala haumbadilishi tabia ghafla.

Tusubiri kwanza kichwa kimuume?
Msisubiri. Wapo wasioumwa kichwa kabisa. Kichwa kinachouma zaidi alfajiri pamoja na kutapika, au kifafa kinachomwanza mtu ukubwani, ni dharura ya siku hiyohiyo, wala si jambo la kununulia vidonge vya maumivu dukani wiki baada ya wiki. Na tafadhali, anayetetemeka kwa kifafa asitiwe kijiko kinywani.

Hospitalini atafanyiwa nini?
Atapigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT au MRI, na ikibidi atapelekwa kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo, kama walio Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Ziko dawa za kupunguza maji yanayoujaza ubongo kandokando ya uvimbe, na baadhi ya wagonjwa huanza kuzungumza vizuri zaidi siku chache tu baada ya kuzitumia.

Aje na nani?
Na mtu anayeishi naye, kwa sababu mara nyingi mgonjwa mwenyewe hatambui kwamba amebadilika na atamwambia daktari kuwa yu mzima.