Ugonjwa wa siki kwenye mikanda ya katuni za zamani ni kitu gani?

Ukifungua kopo la mkanda wa katuni wa milimita 16 ukapigwa na harufu kali ya siki, jua mkanda unaoza. Wakusanyaji wanauita ugonjwa wa siki.

Shida iko kwenye plastiki yenyewe. Kodak walipoleta milimita 16 mwaka 1923 walitumia plastiki inayoitwa asetati, maana naitreti, plastiki iliyokua ya mikanda ya sinema kubwa enzi hizo, inawaka balaa, hata ukiitumbukiza majini haizimiki, na hii ilikua mikanda ya kuonyeshea majumbani na mashuleni. Asetati haina fujo hizo, ila ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kutoa asidi ile ile ya kwenye siki, afu asidi hiyo inazidi kuiozesha, yaani ukishaanza haurudi nyuma, unaupunguza spidi tu. Kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 mkanda mpya unaweza kukaa kama miaka 40 ndo uanze. Sasa Dar hii nyuzi 21 unazitoa wapi, labda AC iwake usiku na mchana na umeme usikatike! Rili iliyosahaulika stoo ya Kariakoo chini ya bati haina hesabu hiyo kabisa.

Baada ya harufu mkanda unasinyaa, matundu ya pembeni hayakai tena kwenye meno ya projekta, ukilazimisha unachanika. Mbele zaidi unajikunja na picha inabanduka. Kuna vikaratasi vya kupimia, unakiweka ndani ya kopo, kikitoka bluu kikaenda kijani afu njano, hali mbaya. Na mvuke wake unaharibu rili za jirani, so itenge.

Cha kufanya ni kuiskani mapema, kwa skana isiyotumia meno. Kusafisha picha kwenye kompyuta baada ya kuskani ndo watu wanapoharibu, katuni ya dakika 7 ina picha zaidi ya 10,000 kwahiyo mtu anaiachia programu, nayo ikiona kamstari ka wino kanakotembea haraka inadhani ni uchafu, inakafuta, paka anabaki na masharubu nusu. Zipo DVD ziliuzwa hivo hivo! Mi bora mikwaruzo ibaki.

Ukishaskani usiutupe mkanda, skana kila siku zinakua bora. Weka sehemu ya baridi, na kopo usilibane sana, mvuke upate pa kutokea.