Winchi, waya na mkondo: trola za uvuvi zilivyofagia mabomu ya baharini

Wengi hudhani Uingereza ilizichukua trola za uvuvi, yaani meli za kuburuta wavu, ili zifagie mabomu mwaka 1914 kwa sababu tu meli za kivita hazikutosha. Mimi naona vifaa vyake vilichangia zaidi. Trola ya mvuke ya Grimsby, bandari ya uvuvi ya Uingereza, ilikuwa tayari na winchi yenye nguvu, waya mrefu wa chuma, na wavuvi waliozoea kuburuta kitu kizito chini ya maji usiku kucha. Lord Charles Beresford, amirali wa Uingereza, aliligundua hilo mwaka 1907. Mwaka uliofuata trola mbili, Andes na Algoma, zilijaribiwa Portland, kwenye pwani ya kusini ya Uingereza.

Wavu ulitolewa, mzinga mdogo ukafungwa kwenye omo. Trola mbili zilikwenda sambamba, mita 450 hivi kati yao, zikiburuta waya mmoja. Kila moja ilishusha fremu nzito yenye mabapa yaliyolala mshazari, ili maji yaisukume chini na kuushikilia waya kwenye kina kinachotakiwa. Mwendo ukipungua, kina hubadilika, na waya unaweza kupita pasipo kugusa kitu.

Bomu lenyewe huelea chini ya uso wa maji, limefungwa kwa waya kwenye nanga yake. Waya wa kufagia ukiunasa ule wa bomu, huukata au huliburuta bomu hadi maji mafupi. Likiibuka hupigwa risasi. Mara nyingi risasi hulitoboa tu likazama bila kulipuka, nayo inatosha.

Hatari kubwa iko kwenye tezi, kwa sababu trola huzama zaidi nyuma kuliko mbele. Waya wa nanga haurefuki, kwa hiyo maji yakijaa bomu huwa chini zaidi ya uso, yakipwa hukaribia juu. Ndiyo maana ilifaa kufagia maji yakiwa yamejaa. Pembe za madini laini ya risasi zilizo juu ya bomu zina kichupa cha kioo chenye asidi: meli ikiikunja pembe, kichupa huvunjika, asidi huingia kwenye betri, umeme hupatikana, bomu hulipuka.

Dardanelles, mlango mwembamba wa bahari huko Uturuki, ilifichua udhaifu mwingine. Mkondo unaotoka Bahari ya Marmara ni mkali, na trola yenye waya nyuma yake ilisogea kwa shida sana. Usiku wa tarehe 10 Machi 1915 zikajaribu kupanda kwanza hadi juu ya mabomu, kisha kufagia zikishuka na mkondo, chini ya kurunzi na mizinga ya Waturuki. Trola moja iligonga bomu ikazama. Siwalaumu wavuvi wale: walipewa kazi ambayo injini zao hazikuiweza.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta bomu la sumaku, linalolala sakafuni mwa bahari bila waya wa nanga na kulipuka linapohisi sumaku ya meli. Moja lilipatikana kwenye tope la Shoeburyness, pwani ya Uingereza, na kufunguliwa tarehe 23 Novemba 1939. Waya wa kukata haukufaa kitu hapo, na bodi la chuma likawa lenyewe ndilo kichochezi. Ndipo boti za mbao zikathaminiwa. Jibu lilikuwa kuburuta nyaya nene za umeme zinazoelea, moja ndefu na moja fupi, huku maji ya chumvi yakikamilisha njia ya umeme, ili umeme huo utoe nguvu ya sumaku ya kulilipua bomu. Meli mbili zilizokwenda sambamba zilipaswa kupitisha umeme kwa wakati uleule, ama sivyo nguvu zao za sumaku hazikuungana na bomu lilibaki kimya sakafuni.