Usonji kwa mtoto mdogo: maswali ya wazazi wa Mtwara na Lindi

Swali: Mwanangu ametimiza miaka miwili na bado hasemi. Bibi yake ananituliza kwamba hata baba yake alichelewa. Je, nisubiri?

Usisubiri. Ni kweli wapo watoto wanaochelewa kusema na baadaye wakawafikia wenzao, lakini usonji (autism), yaani hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano, mahusiano na tabia za mtoto, hautambuliwi kwa ukimya peke yake. Unatambuliwa zaidi kwa namna mtoto anavyoshirikiana na watu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyechelewa kusema tu atakuvuta kanga, atanyoosha kidole kuonyesha embe mtini, kisha atageuka akutazame usoni ahakikishe kuwa nawe umeliona. Kitendo hicho kidogo ndicho ninachowaomba wazazi wakichunguze kabla hawajaanza kuhesabu maneno. Ikiwa hakifanyi, haitiki jina lake, anaushika mkono wako na kuupeleka kwenye kikombe bila kukutazama, au anakaa muda mrefu akizungusha tairi la gari lake badala ya kuliendesha, mpeleke akaonwe. Mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza apelekwe upesi, awe na umri wowote.

Swali: Akisikia kengele ya baiskeli ya muuza samaki anakimbilia mlangoni, ila nikimwita hageuki. Ni kiziwi?

Huenda anasikia vizuri, lakini ni lazima masikio yapimwe kwanza, kwa sababu sikio linalotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri anaweza kudhaniwa ana usonji. Mweleze pia daktari kama aliwahi kulazwa kwa malaria kali iliyopanda kichwani na kuleta degedege, maana malaria bado inatusumbua huku Kusini, na ya namna hiyo huweza kudhuru ubongo na hata usemi.

Swali: Ndani tunamsemesha Kimakonde, nje anasikia Kiswahili. Tumemchanganya?

Hamkumchanganya. Lugha mbili hazisababishi usonji. Anayempima aelezwe maneno ambayo mtoto anayajua katika lugha zote mbili.

Swali: Alibadilika baada ya chanjo ya miezi 18. Si chanjo hiyo?

Si chanjo, wala si uchawi, wala si malezi mabaya ya mama. Kwa ratiba ya Tanzania, mtoto hupata dozi ya pili ya surua na rubella akiwa na miezi 18, na huo ndio umri ambao dalili za usonji huanza kuonekana wazi. Mambo mawili yamekutana bila moja kuzaa jingine. Dai hilo lilienea kutokana na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, ambalo lenyewe liliifuta mwaka 2010, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Kwa maoni yangu, siku hiyo ya chanjo ndiyo nafasi nzuri ya kumweleza muuguzi wasiwasi wako, badala ya kuondoka mara tu mtoto anapokwisha kupimwa uzito na kuchomwa sindano.

Swali: Kuna kipimo cha damu? Twende wapi?

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza, huwauliza wazazi historia yake tangu mimba, na hutafuta mambo mawili kwa pamoja: ugumu katika mawasiliano na mahusiano, na tabia zinazojirudia au kung'ang'ania utaratibu uleule. Dodoso la M-CHAT-R, lenye maswali 20 kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30, huchuja tu, halitoi hukumu.

Anzia zahanati, uombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, ambako daktari ataamua kama aendelee hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini au Muhimbili. Beba kadi ya kliniki na video fupi za simu zinazomwonyesha akicheza, akila na akiitwa, kwa kuwa mtoto aliyesafiri kutwa kutoka Liwale na kuingizwa katika chumba kigeni mara nyingi haonyeshi hali yake ya kila siku.

Mnapongoja tarehe, keti chini usawa wa macho yake, ufuate mchezo anaoupenda, utaje kwa neno moja kile alichoshika, na kabla ya kumpa anachotaka unyamaze kidogo, ili apate nafasi ya kukuomba kwa sauti, kwa jicho au kwa kidole.