Pikapu ya dizeli iliyotumika: yanayosemwa Mwanza na yanayoonekana chini ya gari

Kanda ya Ziwa, pikapu ya zamani ya dizeli bado ni mali. Hilux yenye injini ya 3L, Nissan ya TD27 au Land Cruiser ya 1HZ hubeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba na mpunga kutoka Magu na Misungwi, na mafundi wa Nyakato wanazijua injini hizi nje ndani. Shida iko kwenye maneno yanayotumika kuziuza. Mengi humfanya mnunuzi akodolee macho boneti wakati ubovu umelala kwingine.

"Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo gari la Mwanza halishiki kutu."

Ziwa halina chumvi, ila mzigo unayo. Kayabo, yaani sangara waliokaushwa kwa chumvi, hupakiwa kwenye pikapu hizihizi, na barafu ya samaki wabichi ikiyeyuka, maji yake hupenya kwenye matundu ya bodi hadi kwenye chasisi. Chasisi ya Hilux ina uwazi ndani. Tope likishaganda humo hushika unyevu siku nyingi, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona kwa nje, ujue imeshakula sana.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi, ulale chini. Gonga kuanzia nyuma ya kebini hadi mwisho wa chasisi, na usiharakishe ukifika juu ya ekseli ya nyuma, kwenye mabano yanayoshika springi, na pale linaponing'inia tairi la akiba. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio uliofifia na magamba hudondoka. Chasisi iliyopakwa rangi nyeusi juzi igongwe mara mbili zaidi. Bisibisi ikizama kwenye mabano ya springi, achana na gari hilo hata kama bei inavutia. Injini hufufuka, lakini chasisi iliyooza ukiichomelea leo itapasuka pembeni ya weldi siku ukipakia tani moja.

Kuna na pikapu zilizozoea kurudi kinyumenyume hadi majini kuvuta boti. Difu, yaani boksi la gia la kwenye ekseli, ikiwa moto ikazama kwenye maji, hewa iliyo ndani hupoa ghafla, husinyaa na kuvuta maji kupitia briza (tundu la kupumulia) au sili. Fungua bolti ya kujazia oili ya difu, uchovye kidole. Oili yenye rangi ya maziwa maana yake beringi na meno ya kraun vimekuwa vikizunguka kwenye maji. Fanya hivyohivyo kwa gia boksi na transfa, boksi linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele.

"Imewaka kwa pigo moja, injini nzima."

Inategemea iliwashwa lini kabla hujafika. Mwombe muuzaji mapema asiiwashe, na ukifika shika boneti na hozi ya juu ya rejeta. Zikiwa na joto, rudi kesho asubuhi. Injini ya dizeli hukutana na ukweli wake ikiwa baridi.

Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli unaokatika ndani ya dakika moja au mbili mara nyingi ni plagi za hita zilizokufa, jambo dogo. Usiokatika hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda au kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) iliyoshuka. Wa bluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni, sili za valvu, au tabo (turbo) kama ipo. Mweusi kidogo ukikanyaga mafuta ni kawaida kwa injini hizi, na Mwanza huzidi kidogo kwa sababu ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na injini isiyo na tabo hupungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya hewa. Mweusi mzito mfululizo ni filta ya hewa iliyoziba, nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zilizochoka, au pampu iliyofunguliwa makusudi imwage dizeli nyingi kuficha udhaifu.

Injini ikishapata moto, fungua mfuniko wa kujazia oili ikiwa inanguruma taratibu. Mvuke hafifu usikutishe. Upepo unaopiga kwa mapigo na kuurusha mfuniko unaonyesha ringi zinapitisha. Hapo lipia kipimo cha kompresheni. Kwa injini za Toyota za 2L na 3L, silinda nzima husoma mgandamizo wa karibu bar 30, chini ya 20 ni ya kufungua, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi bar 5 hivi. Muuzaji anayekataa kipimo hiki amekwisha kujibu.

"Oili ni nyeusi, injini imekufa."

Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, kwa sababu ya masizi. Kinachotisha ni oili iliyopanda juu ya alama ya dipstiki na inayonuka dizeli, au iliyogeuka rangi ya maziwa.

"Themostati ni ya nchi za baridi, huku toa tu."

Themostati ni valvu inayofunguka injini ikipata moto ili maji yapite kwenye rejeta. Kuitoa kumeua silinda hedi nyingi, yaani vifuniko vya chuma vya juu ya silinda. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Asubuhi injini hukawia kupata moto, na mchana ikipanda mlima na mzigo huchemka.

Mfuniko wa rejeta nao si pambo. Kwa mwinuko wa Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na mfuniko mzima wa bar 0.9 huisogeza hadi karibu 115. Uliolegea hukuachia nyuzi 96 zako. Kwa hiyo fungua rejeta injini ikiwa baridi kabisa. Maji ya rangi ya kutu yanaonyesha ukosefu wa kulanti (dawa ya maji ya rejeta), na utando wa oili unaelekeza kwenye gasketi au hedi. Washa mfuniko ukiwa wazi: mapovu yasiyokoma ni mgandamizo wa silinda unaovuja kwenye maji. Kwa 2L na 3L, zinazojulikana kupasuka hedi zikichemka, dai punguzo la bei ya kubadilisha hedi. La gasketi pekee halitoshi.

"Taimingi belti hubadilishwa ikikatika."

Huu ndio mkanda unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni. Kwenye 2L, 3L, 5L na 1HZ ukikatika, pistoni hugonga valvu. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na tenshena. Bila ushahidi wa lini iliwekwa, ihesabu kuwa imekwisha. TD27 hutumia gia badala ya belti, na hilo ni sifa yake kubwa.

"D-4D ni ugonjwa, nunua ya pampu ya zamani."

Si ugonjwa, ni injini ya dizeli ya kisasa zaidi ya Toyota, isiyovumilia dizeli chafu. Nozeli za pampu ya zamani hufunguka kwa bar 100 na kitu, wakati za D-4D hufanya kazi kwenye zaidi ya bar 1,000, na uchafu kidogo huzikwaruza. Pikapu iliyokuwa ikijazwa kutoka mapipa visiwani ipimwe marejesho ya nozeli kwa chupa. Nozeli inayorudisha dizeli nyingi kuliko wenzake imechoka, na kununua seti nzima kunaweza kubadili hesabu yote.

"Namba D, hilo ni gari jipya."

Herufi za namba ya usajili, kama D hiyo, huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa ni habari nyingine. Soma namba ya chasisi: LN maana yake Hilux ilitoka kiwandani na injini ya dizeli ya familia ya L, KUN ilitoka na ya KD (D-4D), RN ilikuwa ya petroli. RN inayonguruma dizeli imebadilishiwa injini. Si kosa lenyewe, lakini namba iliyogongwa kwenye bloku ilingane na ya kwenye kadi, la sivyo muuzaji airekebishe TRA kabla hujatoa fedha. Deni la maegesho na faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya gari, na ni juu ya muuzaji kuzilipa.