Augusta: cheo cha Galla Placidia kilikuwa na maana gani?

Wasomaji wa Biblia wanamjua Kaisari Augusto, yule aliyeamuru watu wahesabiwe. Augusta ni jina hilohilo kwa umbo la kike. Katika dola ya Roma kilikuwa cheo cha heshima walichopewa baadhi ya wanawake wa jamaa ya kaisari, na si kila mke wa kaisari alikipata. Mwenye cheo hicho angeweza kuchorwa kwenye sarafu. Kuamuru jeshi, hapana. Ndiyo maana neno "malkia" linapotosha kidogo hapa.

Mtazame Galla Placidia, binti wa Theodosius wa Kwanza. Wagothi walioipora Roma mwaka 410 walimchukua mateka. Mwaka 414 akaolewa na mfalme wao, Athaulf, mjini Narbonne. Mume akauawa mwaka uliofuata, na aliyeshika nafasi yake akamswaga Placidia kwa miguu mbele ya farasi wake. Mwaka 416 akarudishwa kwa kaka yake, Kaisari Honorius, nao Wagothi wakaahidiwa modius 600,000 za nafaka. (Modius moja ni kama pishi mbili na ushei.) Kisha, bila yeye mwenyewe kutaka, akaozwa jemadari Constantius.

Constantius alipofanywa kaisari mwaka 421, Placidia akawa Augusta. Konstantinopoli, makao ya kaisari wa mashariki, ikakataa kukitambua cheo hicho. Mwaka huohuo akafiwa na mume. Baadaye akagombana na Honorius, akakimbilia Konstantinopoli hukohuko na watoto wake wawili. Honorius alipofariki mwaka 423, afisa mmoja, Joannes, akatwaa kiti. Sasa mashariki wakamhitaji mtu wa ukoo, na cheo kilichokataliwa kikakubaliwa! Jeshi lao likamwondoa Joannes, na mwaka 425 Valentinian, mwana wa Placidia mwenye miaka 6, akatawazwa Roma.

Kwa takriban miaka 12 mama ndiye aliyeendesha serikali ya magharibi. Nguvu yake ilitoka kwa mtoto kuliko kwenye cheo, na majemadari walilijua hilo. Mwaka 432 alimwita jemadari Bonifatius kutoka Afrika amng'oe jemadari mwenzake, Aetius. Bonifatius alishinda vita karibu na Rimini, lakini jeraha likamuua. Aetius akakimbilia kwa Wahunni, watu wa vita waliokuwa nje ya dola, akarudi wakiwa nyuma yake, na Placidia akalazimika kumpa ujemadari mkuu yuleyule aliyetaka kumwondoa. Cheo chake mwenyewe hakuna aliyekigusa: alikuwa Augusta hadi alipofariki Roma, Novemba 450.